Hima ya Sayyidna Umar na Msitu wa Bwindi

Uislamu unajua kuhifadhi ardhi. Mtume (S.A.W.) alitenga malisho ya Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Ardhi ya namna hiyo huitwa hima. Zama za ujahilia wakubwa wa makabila walijitengea malisho mazuri wao wenyewe. Mtume akaikomesha desturi hiyo, hima ikabaki kwa maslahi ya umma. Kwa hiyo hatuna ugomvi na hifadhi. Swali ni moja: langoni anazuiwa nani?

Imam Bukhari amepokea kwamba Sayyidna Umar (R.A.) alipomweka Hunayy kuisimamia hima, alimwamuru aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Tajiri akifiwa na mifugo anayo mitende na mashamba ya kurudia. Maskini akifiwa, atamjia khalifa na wanawe wakilia. Na Umar akakiri kuwa wenyeji wanajiona wamedhulumiwa, maana nchi ile ni yao.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga, kusini-magharibi mwa Uganda, ilifanywa mbuga za taifa. Watwa, walioishi humo kwa kuwinda na kurina asali, wakatolewa. Fidia ilitazama waliokuwa na mashamba. Mtwa hakuwa na shamba la kuonyesha, na wengi wao hawakupata kitu. Leo mgeni wa ng'ambo hulipa dola 800 akaketi na gorila kwa saa moja. Mtwa akiingia bila kibali kutafuta mzizi wa dawa, ni mhalifu. Lango la Umar limegeuzwa: limefunguliwa kwa mwenye nacho, likafungwa kwa asiye na pa kurudi.

Utasema: gorila wa milimani wamebaki kama 1,000 tu duniani, karibu nusu yao Bwindi, tukifungua lango watakwisha. Hoja hii ina uzito. Lakini Umar naye hakumfungulia kila mtu, na mlinzi hakumwondoa. Hata Bwindi yenyewe, tangu miaka ya 1990, wakulima wa jirani wameruhusiwa sehemu maalumu kuweka mizinga na kuchuma dawa, na msitu upo. Lango linaweza kufunguliwa kwa kipimo.

Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba, hapa Kampala, iliamua kwamba haki za Watwa zilivunjwa. Serikali ikakata rufaa. Hapo ndipo mashirika ya uhifadhi yanapopimwa. Yaunge mkono haki hiyo hadharani. Yanaponunua ardhi kwa ajili ya Watwa, hati ziwe na majina ya Watwa. Fungu la mapato ya gorila lipangwe na Watwa wenyewe, na wawe na njia ya kufikia makaburi yao na dawa zao.

Nasi wanafunzi tujihadhari. Kupeleka unga na nguo Kisoro ni jambo jema, lakini sadaka hailipi deni. Fiqhi inatufundisha kuwa aliyechukua cha mtu hurudisha au hufidia kwanza. Hisani huja baadaye. Tukimwita Mtwa maskini wa kusaidiwa, tumesahau kwamba ni mdai.

Wallahu aalam.