Kiholanzi cha Dukani Kina Heshima Yake

Makupa ni mlango wa kisiwa. Anayetoka Changamwe, Mikindani au uwanja wa ndege wa Moi huvuka hapo kabla ya kufika Mwembe Tayari na Mji wa Kale, na wengi waliohamia Mombasa kutoka bara waliingia kwa njia hiyo. Kiswahili wanachokikuta hawafundishwi darasani. Hujifunza kuuliza nauli, kumwambia makanga pa kushushwa, kuomba wapunguziwe bei na kuitikia salamu ya mzee barazani. Mfanyabiashara wa Kigujarati, Msomali mwenye duka la nguo, Mkamba na Mluo waliokuja kutafuta kazi bandarini, wote walianza na Kiswahili hicho cha dukani, na mji haukuwadai ufasaha. Uliwadai jambo dogo kuliko hilo: anayekula na kulala mahali ajue walau kusemezana na watu wa mahali hapo. Anayekaa miaka kumi bila kujua hata kuuliza bei ya nyanya, watu hawamwiti mjinga, humwita mwenye maringo. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho tunachowapimia wageni wetu ndicho tuwapimie pia vijana wetu wanaokwenda kusoma Uholanzi na Ubelgiji. Wajifunze Kiholanzi cha msingi, kile cha duka, cha daktari, cha treni na cha jirani, hata kama masomo yao yote yatakuwa kwa Kiingereza.

Safari hizo si jambo geni pwani. Taasisi ya IHE iliyoko Delft, iliyoanzishwa mwaka 1957, imesomesha wahandisi wa maji kutoka Afrika Mashariki, na mji kama wetu, unaotegemea maji ya Mzima, Baricho, Marere na Tiwi, unajua thamani ya elimu hiyo. Chuo cha ITC cha Enschede kinafundisha upimaji na ramani, Wageningen inafundisha kilimo, nayo ISS ya The Hague inafundisha masuala ya maendeleo. Upande wa Ubelgiji, watafiti wa taasisi ya bahari ya KMFRI hapa Mombasa wameshirikiana kwa miaka mingi na chuo kikuu cha VUB cha Brussels katika utafiti wa mikoko ya Gazi. Karibu shahada zote za uzamili wanazozifuata vijana wetu huko hufundishwa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu wengi hupanda ndege wakiwa na barua ya chuo, bima ya afya na koti zito, lakini bila neno hata moja la lugha watakayoisikia kila asubuhi dirishani.

Mwenye kupinga ana ushahidi mzuri. Uchunguzi wa Eurobarometer wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba Waholanzi wapatao asilimia 90 waliweza kuzungumza Kiingereza, na nchi hiyo imeshika nafasi ya kwanza mara nyingi katika orodha za dunia za umahiri wa Kiingereza. Wanafunzi wa kigeni husimulia jambo lile lile: ukijaribu Kiholanzi chako kibovu dukani, muuzaji hukujibu papo hapo kwa Kiingereza kizuri. Basi kuna haja gani ya kujisumbua? Haja ni kwamba mtu anaweza kukujibu kwa Kiingereza, lakini karatasi haiwezi. Bahasha ya buluu ya mamlaka ya kodi huja na barua ya Kiholanzi. Simu ya kliniki hupokewa na mashine inayokutaka ubonyeze namba kwa Kiholanzi. Tangazo la kituo kwamba treni imebadilishiwa jukwaa husomwa kwa Kiholanzi, na mara nyingi tafsiri yake haifuati. Pakiti ya chakula dukani nayo ina tarehe za namna mbili, moja ikisema chakula ni bora kabla ya siku fulani, nyingine ikikataza kabisa kukila baada ya siku hiyo, na asiyezitofautisha atatupa kilicho kizima au atakula kilichoharibika.

Kwa kijana wa Makupa au Majengo aliyelelewa katika Uislamu, pakiti hiyo ina uzito zaidi. Orodha ya viungo huandikwa kwa Kiholanzi, na nguruwe hujificha ndani yake kwa majina kadhaa: varkensvlees, spek, reuzel, hata varkensgelatine katika peremende za watoto. Simu yenye kamera itamtafsiria, sikatai. Lakini anayeinua simu mbele ya kila rafu ya kila duka kila wiki ameikabidhi ibada yake kwa betri na mtandao. Maneno manne yaliyokaa kichwani yanamtosha. Hapo ndipo ninapoona faida ya kwanza ya lugha ya msingi: inampa mtu uhuru wa kutotegemea. Anayejua Kiingereza peke yake huishi Uholanzi kama mgeni wa chuo. Ndani ya geti la chuo kila mlango uko wazi, lakini nje ya geti humhitaji mwenzake amsomee barua na amweleze daktari anaumwa wapi. Mtu mzima aliyesoma hadi shahada ya pili hastahili kuwa mtoto kila anapotoka nje ya darasa.

Pingamizi la pili ni la muda. Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja ina krediti 60 za masomo, na vyuo vya Uholanzi huhesabu saa 28 za kazi kwa kila krediti, jumla saa 1,680. Mwanafunzi wa ufadhili anajua kwamba akianguka mtihani, pesa huenda zikakatika. Lakini tuipige hesabu hadi mwisho. Ngazi ya kwanza ya lugha katika mfumo wa Baraza la Ulaya, yaani A1, walimu wengi huikadiria kati ya saa 60 na 100 za kujifunza. Hata tukichukua saa 100, hizo ni chini ya asilimia 6 ya saa za mwaka wa masomo, na sehemu kubwa yake inaweza kumalizwa hapa nyumbani kati ya siku ya kupata barua ya chuo na siku ya safari. Akishafika, maktaba nyingi za umma huwa na vikao vya bure ambako wenyeji hukaa na wageni na kuzungumza nao polepole. Huko muuzaji mwenye haraka hayuko, na anayeomba aachwe ajaribu Kiholanzi chake huachwa.

Isitoshe, mtoto wa pwani haanzi na mkono mtupu. Waholanzi husema namba kwa kutanguliza mamoja kabla ya makumi: 25 kwao ni tano na ishirini. Jambo hilo huwatesa wengi, lakini aliyekaa madrasa akahesabu kwa Kiarabu amekwisha kulizoea, kwa kuwa Kiarabu nacho hutanguliza tano. Sauti ya kooni ambayo Mwingereza huikwepa katika Kiholanzi haimtishi anayetamka kheri na ghali kila siku na kusoma Kurani tangu utotoni. Hata saa zao, zinazompoteza aliyezoea Kiingereza, zinamkuta Mswahili akiwa tayari: Mholanzi akikupa miadi ya half drie, yaani nusu tatu, anakusudia saa nane na nusu, si saa tisa na nusu, na sisi tuliozoea kugeuza saa za Kiingereza kuwa saa zetu tunajua kwamba muda una hesabu zaidi ya moja.

Lipo pingamizi la tatu, zito kuliko hayo mawili, nalo ni la hadhi. Kwa nini siku zote sisi ndio tujifunze lugha za Ulaya? Kijana wa Mombasa ameshabeba Kiingereza cha shule, Kiarabu cha madrasa, Kiswahili cha mtaani na pengine Kidigo au Kikamba cha nyumbani. Je, hata anapokwenda kusoma kwa Kiingereza, ambacho nacho si cha mama yake, aongezewe mzigo mwingine? Swali hili lina haki yake, lakini hukosea linapodhani kwamba njia hii ina upande mmoja. Chuo kikuu cha Leiden kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Jan Knappert, Mholanzi, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akikusanya na kuchapisha tenzi na mashairi ya pwani hii. Mwaka 2023 tungo za Ustadh Mahmoud Mau, imamu wa Lamu, zilichapishwa katika mji huo huo wa Leiden, Kiswahili chake kikiwa kando ya tafsiri ya Kiingereza. Watu waliofanya kazi hizo hawakupunguziwa hadhi kwa kujifunza lugha yetu. Tuliwaheshimu zaidi, na tuliwasema vibaya wale waliokaa Nyali miaka ishirini bila kujua zaidi ya jambo na asante. Kama kujifunza lugha ya mwenyeji ni utumwa, basi tuache kuwacheka hao wa Nyali.

Wanaosema Kiholanzi ni lugha ndogo isiyovuka mipaka wanapima kwa mizani isiyo yake. Ni kweli kwamba ina wasemaji wapatao milioni 25 tu, na anayerudi Mombasa kufanya kazi bandarini au katika kampuni ya maji huenda asiiseme tena. Lakini lugha ya msingi haijifunzwi kwa ajili ya wasifu wa kuombea kazi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mwanafunzi ugenini ni lugha ya mahali hapo: halimfanyi mwenyeji, ila linamtoa katika hali ya kuhudumiwa tu. Waholanzi wenyewe wameanza kulisema hili kwa sauti. Mwaka 2024 serikali yao ilipeleka bungeni mswada wa kupunguza ufundishaji wa Kiingereza vyuoni na kuwahimiza wanafunzi wa kigeni wajue Kiholanzi zaidi. Mswada huo umebishaniwa sana, na sheria inaweza kupita au kukwama. Lakini malalamiko yaliyo nyuma yake tunayaelewa sisi wa Makupa kuliko wengi, kwa sababu ndiyo tunayoyatoa dhidi ya wageni wasiojali lugha yetu.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa au cha Pwani anayejaza fomu za Delft, Wageningen au Ghent ni mfupi. Usisubiri chuo kikulazimishe, kwa sababu huenda kisikulazimishe. Jifunze namba, saa, siku, vyakula, maumivu ya mwili, na namna ya kuomba radhi na kushukuru. Na vyuo vyetu vinavyowatuma vijana huko viwape somo hilo kabla ya safari, kisha viwadai wanafunzi wa kigeni wanaokuja hapa Kiswahili cha kiasi hicho hicho. Tukiwadai wageni peke yao, hayo yatakuwa maringo yetu, na tutakuwa hatuna la kumjibu Mholanzi atakayetuuliza mbona vijana wetu huishi kwao bila kumsalimu jirani.