ALIYEUZIWA KASORO, JE, NAYE AIUZE?



Katika darasa yetu ya usiku wa Alhamisi kuliulizwa swali ambalo tuliliona linastahili kuandikwa, kwani ni la kila siku sokoni, na walio wengi hulipita kana kwamba halipo. Swali lenyewe ni hili: Mtu amenunua kitu chenye kasoro pasi na kujua, na aliyemuuzia hakumwambia. Sasa amekwisha kuijua kasoro hiyo, naye ataka kukiuza. Je, yampasa kumwambia atakayenunua, ilhali yeye mwenyewe hakuambiwa? Na akinyamaza tu, asiseme hata neno moja la uongo, je, amekosa?

Wengi waliokuwapo walijibu upesi kuwa amekosa. Lakini jawabu ya upesi ni nyepesi kwa mtu ambaye mali iliyomo si yake. Mimi sikuweza kujibu upesi, kwa kuwa mambo hayo yalinifika nyumbani mwangu, na sehemu ya lawama ni yangu. Basi nitaeleza yaliyotokea, kisha tuyapime.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ni kijana mwenye kupenda magari ya mbio. Mapenzi hayo hakuyazua yeye. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na tangu hapo hapana kizazi katika Kenya kisichokuwa na vijana wake wa kuyapenda. Mashindano hayo yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, makao yake yakawa Naivasha, na magari yakapita Soysambu na Elmenteita, chini ya kile kilima kinachofanana na shujaa aliyelala. Vijana walimiminika huko kutoka kila upande, na mpwa wangu alikuwamo. Aliporudi Mombasa hakuwa na mazungumzo mengine ila Subaru Impreza, gari ambalo Colin McRae alishindia Safari mwaka 1997.

Nalimwambia kuwa kupenda chombo chema si dhambi. Mtume (S.A.W.) aliruhusu mashindano ya farasi, na mtu kufurahia kipando kizuri ni jambo la maumbile. Tena gari kuwa mitumba si aibu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari ya mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa mwingine. Lakini yeye alikuwa fundi, akijua anunualo. Hapo ndipo mpwa wangu alipopungukiwa, nami pia.

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la mitumba lililozidi umri wa miaka 8. Kwa hiyo zile Impreza za zamani wazipendazo vijana hazitoki tena Japani kuja kwetu. Huzunguka humu humu nchini, mkono hadi mkono, na kila mkono huacha alama yake. Tulisikia kuwa iko moja Nakuru, yauzwa shilingi laki 9. Kijana alikuwa na laki 6, akiba ya miaka mitano ya kazi bandarini. Laki 3 zilizobaki zilitoka kwa mamake, aliyeuza bangili zake za dhahabu. Nimezitaja bangili kusudi, ili msomaji asidhani kuwa twazungumzia mchezo wa matajiri.

Tukafika Nakuru siku ya Jumamosi, tukasali adhuhuri Bondeni. Mwenye gari alikuwa katika safu moja nasi. Nilipomjua kuwa ni mtu wa msikitini, moyo wangu ulitulia, na kutulia huko ndiko kulikotuponza. Fundi mmoja nimjuaye alikuwa tayari kulipima gari kwa shilingi elfu 3. Mwenye gari akasema kuwa yuko mnunuzi mwingine yuaja kutoka Eldoret, na hana wakati. Kisha akasema neno ambalo nataka mlishike: "Mimi nauza kama lilivyo. Ulionalo ndilo." Kijana alikuwa amekwisha kusikia mngurumo wa injini, akili haiko naye tena. Mimi niliona kasi ile ya kuuza si ya kawaida, na nilitaka kusema, "Ngoja." Lakini nikaona haya kumshuku mtu niliyesali ubavuni pake. Nikanyamaza.

Nakuru iko juu ya bahari yapata mita 1,850, na hewa yake ni ya baridi. Baridi hiyo huweza kuisitiri injini yenye ugonjwa wa joto. Gari lilipokaa Mombasa wiki mbili, katika foleni na jua letu, mshale wa joto ukapanda. Fundi wa Mombasa akafungua, akakuta gasketi imeungua. Kisha akainua zulia la buti, akatuita tuone. Nyuma ya gari palikuwa pamepondwa siku zilizopita, pakakatwa na kuungwa kwa moto, kisha pakapakwa rangi. Chuma kilichoungwa vile, alisema, chaweza kustahimili mwendo wa sokoni, lakini hakiaminiki katika mwendo ambao gari lile lilitengenezewa.

Kijana akampigia simu aliyemuuzia. Jawabu aliyoipata ni ile ile: "Nilikwambia kama lilivyo." Naye kwa fahari ya ujana, badala ya kuliweka gari na kudai haki yake, aliendelea kulitembeza mwezi mzima. Mwishowe akatokea mnunuzi kutoka Malindi, kijana kama yeye, aliye karibu kuoa. Mpwa wangu akanijia, akasema: "Mjomba, sitasema uongo. Nitamwambia kama nilivyoambiwa, kwamba nauza kama lilivyo. Yaliyokuwa halali kwa mtu mzima wa Nakuru yatakuwaje haramu kwangu? Na bangili za mama atazirudisha nani?"

Hilo ndilo swali, ndugu zangu, na si jepesi hata kidogo. Tulitazame kipande kwa kipande.

Kwanza, lile neno "kama lilivyo". Watu hudhani ni kinga. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi walilijadili karne nyingi kabla ya magari. Kauli yenye nguvu kwao ni kuwa muuzaji akishurutisha kutodaiwa kasoro yoyote, sharti hilo humwokoa katika jambo moja tu: kasoro ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Mnyama ana uhai, hula na kuugua, na maradhi ya tumboni mwake hayaonekani hata na mwenyewe. Ama kasoro anayoijua muuzaji, sharti halimwokoi. Tazameni jinsi walivyopima kwa haki. Walimsamehe asiyejua, wala hawakumpa ruhusa ajuaye kujificha nyuma ya maneno.

Huenda mtu akasema, "Mnunuzi ana macho, na atazame." Twamjibu kuwa macho ni ya vionekanavyo. Mwenye nafaka sokoni Madina alikuwa na rundo ambalo juu yake lilikuwa kavu. Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani akakuta umajimaji, na muuzaji akatoa udhuru wa mvua. Hakuambiwa kuwa mnunuzi angetia mkono mwenyewe. Aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyorowa, watu waione. Chuma kilichoungwa chini ya zulia ni nafaka mbichi chini ya kavu. Mtu huyo hakutamka uongo. Rangi aliyoipaka ilimtamkia.

Pili, hoja ya kuwa "nami nilidhulumiwa." Hii ndiyo hoja ya moyo, na yastahili kujibiwa kwa upole. Ni kweli mpwa wangu alidhulumiwa. Lakini deni hudaiwa aliyekopa. Mtu wa Nakuru akila mali yako, mtu wa Malindi hakuwa na sehemu katika karamu hiyo hata akatolewe gharama yake. Na tukisema kuwa kila aliyedanganywa ana ruhusa ya kudanganya, ile dhuluma haitafikia mwisho. Itatoka mkono huu kwenda mkono ule, na kila mmoja atajiona mwenye haki kwa kuwa alianzwa. Mwisho wake ni nani? Ni yule wa mwisho, asiye na wa kumuuzia, naye aghalabu ndiye maskini kuliko wote. Na katika gari la mbio, huenda mkono wa mwisho ukawa wa mauti. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 120, nguvu ya kugonga haizidi mara mbili bali mara nne. Waipitao njia ya Gilgil na Salgaa wajua tunenalo.

Tatu, ile hoja ya hasara. Kijana alisema, "Nikisema, nitapata hasara." Nalifikiri sana juu ya neno hili, na naona hapa ndipo akili zetu zinapotuhadaa. Hasara haikungoja kusemwa ili izaliwe. Ilipatikana siku ile Nakuru, fedha zilipotoka mkononi. Gari la thamani ya laki 5 lilinunuliwa kwa laki 9. Zile laki 4 zimekwisha kwenda. Kusema kweli hakuleti hasara, na kunyamaza hakuiondoi. Linaloamuliwa ni nani ataibeba. Basi anyamazaye hajiokoi na msiba. Amechagua mtu mwingine asiyemjua, akamtwika. Ukilitazama jambo kwa jicho hilo, kunyamaza si kutotenda. Ni kitendo kamili, kina mtendaji na kina mtendewa.

Nne, liko swali ambalo mpwa wangu hakuliuliza, nalo lilinihusu mimi. Je, asiye muuzaji wala mnunuzi, lakini ajua, yampasa kusema? Wanavyuoni wasema yampasa. Na twasimuliwa habari ya Wathila bin Al-Asqa' (R.A.), aliyekuwapo ngamia akiuzwa kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipokwenda zake, Wathila alimfuata, akamuuliza kama amemnunua kwa nyama au kwa safari. Aliposema kwa safari, akamjulisha kuwa ukwato wa ngamia una tundu, hatastahimili mwendo mrefu. Mnunuzi akarudi, na bei ikapunguzwa dirhamu 100. Muuzaji akalalamika kuwa biashara yake imeharibiwa. Angalieni hekima ya swali lile, kwa nyama au kwa safari. Kasoro hupimwa kwa kusudio la mnunuzi, na anunuaye gari la mbio hakulinunulia kuliegesha.

Ama sheria ya serikali, haitutoshi katika jambo hili. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, humbana zaidi mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko mtu auzaye gari lake mwenyewe. Na mahakama ya kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, ina mamlaka ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, si ya mauzo. Pana uwazi hapo katikati, na katika uwazi huo hapana askari ila dhamiri.

Mnunuzi wa Malindi alipokuja, nilikuwa nimeketi barazani. Nilimngoja mpwa wangu aseme. Hakusema. Kijana yule alipotoa simu ili atume fedha, nilimwambia: "Mwanangu, inua zulia la buti kwanza." Akainua, akatazama, akatushukuru, akaenda zake. Mpwa wangu hakunisemesha mwezi mzima, na mamake alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau. Baadaye fundi mmoja alilinunua gari kwa shilingi laki 5, akijua kila tundu lililomo, ili atumie injini na giaboksi yake. Mimi nikatoa laki moja yangu nikampa dada. Haikuwa sadaka, kwani kunyamaza kwangu Nakuru kulikuwa na bei, na bei hiyo ilikuwa juu yangu.

Laki 3 zilizobaki hazikurudi. Sitawadanganya kuwa mkweli hulipwa papo hapo.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kununua chombo kilichotumika, kwanza chukua fundi asiye rafiki wa muuzaji. Liwashe gari likiwa baridi, utazame moshi wake. Pitisha sumaku juu ya bati; pasiposhika, pamezibwa. Inua mazulia. Hakikisha kwa mamlaka ya usafiri kuwa muuzaji ndiye mwenyewe. Kisha muulize mbele ya mashahidi: limepata kugongwa? Limepata kuunguza injini? Jawabu ziandikwe. Usione haya kuuliza kwa kuwa umesali naye; kusali pamoja ni sababu ya kuulizana wazi, wala si sababu ya kunyamaziana. Na ukigundua kasoro, acha kukitumia chombo na udai mara moja, kwani madhehebu yetu yataka khiyari ya kurudisha itumiwe bila ya kukawia, na akitumiaye baada ya kujua hujidhoofishia haki yake. Mpwa wangu alipoteza mwezi mzima kwa fahari.

Na ukiwa wewe ndiwe muuzaji, iweke juu ile iliyorowa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie ukweli katika kuuza kwetu na kununua kwetu, na atupe ushujaa wa kusema wakati kunyamaza kunapotufaa zaidi. Amin.