Dawa ya Kuzuia Damu ya Uzazi na Shaka za Watu

Tulipowazuru Waislamu wenzetu walioko Kangundo, katika Ukambani, kijana mmoja alitungoja baada ya darasa, akauliza kwa haya: mkewe yu karibu kujifungua, na mkwewe amekataza binti yake asimeze vile vidonge vya misoprostoli akishazaa, kwa kuwa amesikia kwamba ndivyo wanavyotolea mimba watu. Badala yake amemwandalia kombe. Je, afuate lipi?

Swali hili hata Mombasa na Lamu laulizwa, ila kwa kunong'ona. Sisi tulimjibu waziwazi.

Dawa hiyo ni ya jamii ya prostaglandini, vitu ambavyo Mwenyezi Mungu ameviumba ndani ya miili yetu wenyewe, na moja katika kazi zake ni kuukaza mji wa uzazi. Wala elimu yake yote haikutoka Ulaya: mwaka 1968 Sultan Karim na wenzake wa Makerere, Kampala, walitangaza namna walivyoanzisha uchungu wa uzazi kwa dawa ya jamii hii. Basi mtoto akisha kutoka, mji usipokaza, mishipa ya pale liliposhika kondo hubaki wazi, na mama aweza kufa kabla ya saa mbili kupita. Sindano ya oksitosini ndiyo hutangulizwa, lakini yataka baridi. Kidonge hiki chakaa kabatini pasipo barafu. Ndiyo sababu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikitia katika orodha ya dawa za lazima kwa kuzuia damu hiyo.

Ni kweli chaweza kutoa mimba. Kisu nacho chachinja mbuzi na chaua mtu. Hukumu ni ya aliyekishika. Na hapa mtoto amekwisha zaliwa, analia! Imebaki mimba gani ya kutolewa?

Ama kombe, tumtazame Bibi Maryam katika uchungu wake chini ya mtende. Mola angeweza kumwangushia tende pasipo yeye kuinua mkono, lakini alimwamrisha alitikise shina. Anayemnyima mzazi dawa akamnywesha maji ya zafarani amemkataza kutikisa. Dua twaomba, na hospitali twaenda.

Kisha tulimwonya: kidonge hiki kisinunuliwe dukani ili kuharakisha uchungu nyumbani. Kidonge cha kawaida ni mikrogramu 200, na daktari akitaka kuanzisha uchungu huanza kwa 25 tu, yaani sehemu ya nane. Mji uliozidishiwa huweza kupasuka, khasa wa mama aliyewahi kuzaa kwa kupasuliwa.

Na akishakimeza kwa kuzuia damu, mama huenda akatetemeka na kushikwa na homa. Hapo ndipo mashangazi husema amepandwa. Si jini, ni dawa. Afunikwe shuka, mkunga aambiwe, na fundi wa pepo aachwe kwake.