Ndoa na Mshenga Wake

Kujua kwamba jambo lipo ni mbali na kujua kwa nini lipo. Wawili wakioana, kila jirani aweza kuishuhudia ndoa. Lakini ni nani aliyewakutanisha, na kwa maneno gani, huenda asijue hata mmoja wa walioketi barazani. Hata hivyo binadamu hatulii mpaka amtaje mshenga, na asipomjua humtaja yule aliyemjua katika ndoa iliyotangulia. Je, huko ni kujua, au ni kuogopa kukaa na swali? Elimu ya umeme ina kisa kimoja kinacholiweka swali hili wazi, nacho hakijafika mwisho.

Kisa kilianza Leiden, Uholanzi, mwaka 1911. Heike Kamerlingh Onnes alipoipoza zebaki hadi kiasi cha nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sifuri, aliona ukinzani wa umeme umetoweka ghafla. Katika waya wa kawaida elektroni hupita kwa taabu, na sehemu ya nguvu hupotea kuwa joto. Katika zebaki ile zilipita bila kupoteza kitu. Tukio likajulikana, sababu isijulikane. Wakubwa wa fani, Albert Einstein na Richard Feynman wakiwemo, waliitafuta wasiipate.

Jawabu lilitolewa baada ya miaka 46, mwaka 1957, na John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walisema kwamba elektroni hizo zimefungamana mbili mbili, na jozi zote huenda kwa mwendo mmoja ambao vikwazo vidogo haviwezi kuuvunja. Hapo ndipo penye ajabu, kwani kila elektroni ina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Vipi wanaokimbiana wawe wenza? Mshenga, walieleza, ni atomu za metali yenyewe. Elektroni ipitapo huzivuta kidogo, nazo kwa uzito wake huchelewa kurudi mahali pake. Elektroni imekwisha kwenda, ila alama yake imebaki kama unyayo katika mchanga mbichi, na elektroni ya pili huvutwa na alama hiyo. Wawili hao huwa mbali, wengine wengi wakiwa kati yao, kama kina cha mshororo mmoja kinavyoitikiana na kina cha mshororo wa pili. Ushahidi ulikuwepo tangu 1950: zebaki yenye atomu nzito zaidi ilihitaji baridi kali zaidi kidogo. Uzito wa mshenga ulionekana katika ndoa.

Maelezo hayo yalikuwa mazuri, tena ya kweli. Uzuri na ukweli vikikutana, ni rahisi kudhani kwamba vimekwisha sema yote.

Mwaka 1986, huko Rüschlikon karibu na Zurich, Uswisi, Georg Bednorz na Alex Müller waliona dalili za hali ileile mahali ambapo wachache wangeitazamia: katika mchanganyiko wa lanthani, bariamu, shaba na oksijeni, ulio wa jamii ya kauri. Hali ilianza kwenye nyuzi kama 238 chini ya sifuri. Mwaka uliofuata makundi ya Maw-Kuen Wu na Paul Chu, nchini Marekani, yalifika nyuzi 180 chini ya sifuri kwa mchanganyiko mwingine wa shaba na oksijeni, na kwa baridi hiyo naitrojeni ya kimiminika yatosha.

Kwamba ndoa zipo halikuwa na shaka: vipimo vya mwaka 1987 vilionyesha kuwa humo pia elektroni huenda mbili mbili. Lakini mshenga ni nani? Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Wengi waliyashika maelezo ya 1957, wala hawakuwa wajinga, kwani maelezo yaliyosimama miaka thelathini hayatupwi kwa tetesi. Philip Anderson aliona vingine. Kauri hizi, kabla ya kupunguziwa elektroni, hazipitishi umeme. Elektroni husukumana kwa nguvu hata kila moja hukaa kwenye atomu yake ya shaba, na usumaku wake huelekea kinyume na wa jirani yake. Mwaka 1987 Anderson alipendekeza kwamba mwelekeo huo wa kinyume, uliozaliwa na kusukumana, ndio unaofunga jozi. Mwaka 2007 akahoji waziwazi kama pana gundi yoyote ya kutafutwa. Pengine, basi, ndoa hii haina mshenga, na kilichowaunganisha wawili ni ugomvi wao wenyewe.

Ushahidi umekuja kwa haba na haba. Mwaka 1994 Chang Tsuei na John Kirtley walionyesha umbo la jozi hizo: kama jani lenye pande nne, alama chanya na hasi zikipokezana, umbo linaloziruhusu elektroni mbili kuwa wenza bila kukalia mahali pamoja. Mwaka 2001 vilichapishwa vipimo ambavyo baadhi ya wataalamu walivisoma kama athari ya mtetemo wa atomu, wengine kama athari ya usumaku. Shahidi mmoja, tafsiri mbili. Mwaka 2022 kundi lililoongozwa na Séamus Davis liliona kwamba wingi wa jozi hubadilika pamoja na umbali baina ya shaba na oksijeni iliyo juu yake, kwa kadiri nadharia ya usumaku ilivyotabiri. Ni ushahidi mzito, ingawa haujawa hukumu iliyokubaliwa na wote.

Umeme nao haukusubiri hukumu. Mjini Essen, Ujerumani, kebo ya kauri za namna hii, yenye urefu wa takriban kilomita moja, ilianza kupeleka umeme mwaka 2014. Mwenye kutumia asichokijua sababu yake hana lawama. Mkulima alikula mavuno kabla ya kuijua kemia ya udongo. Lawama humstahili atajaye mshenga ambaye hakumwona.

Hapo methali ya mbacha yadai kufikiriwa upya. Mbacha ni kitu gani hasa: ni jibu lililopatikana, au ni njia iliyolifikisha? Wale watatu wa 1957 walifika kwa kuusikiliza ushahidi wa zebaki, hata ulipowapeleka pasipotarajiwa. Anayelishika jibu lao na kuiacha njia yao ameuhifadhi mbacha, ameiacha sala. Na anayekaa miaka ipatayo arobaini na swali lisilofungwa, akisema hili limeshuhudiwa na lile linadhaniwa, huyo bado yu juu ya mkeka wa wazee wake.