Mzigo na Furushi

Soma kwa ajili ya somo hili: Walawi 14:33–48, Kumb. 5:12–15; Mt. 19:3–9, Gal. 6:1–5, 1 Tim. 5:8, Yak. 2:14–17.

Katika Wagalatia 6 Paulo anasema mambo mawili yanayoonekana kupingana. Fungu la 2 linatuagiza tuchukuliane mizigo. Fungu la 5 linasema kila mtu atalibeba furushi lake. Je, mtume alijisahau katika mafungu matatu tu? La. Mzigo ni ule unaomlemea mtu hata asiweze kuuinua peke yake. Furushi ni lile alilokabidhiwa kila mmoja mbele za Mungu, wala hakuna awezaye kumbebea. Ugumu uko katika kutambua kipi ni kipi tunapomtazama jirani yetu.

Mfikirie mama aliyeachika, anayeishi na watoto wake katika nyumba ya zamani Mji Mkongwe, Unguja. Alfajiri anawaandaa watoto, kisha anakwenda kazini. Jioni anapitia sokoni Darajani, anapika, anafua, anakagua madaftari. Hayo ameyazoea. Lakini masika yakiingia, maji yanapenya ukutani. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, boriti huoza. Ukuta ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, na jiwe huendelea kulika mahali pasipoonekana. Panatakiwa chokaa, fundi anayeijua kazi hiyo, na fedha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mwenye mshahara mmoja na ada za shule ataziba kwa nini?

Wala ufa huo si jambo dogo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ni miongoni mwa majengo yake mashuhuri. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa na serikali nyuma yake. Mama huyu ana nani?

Ana kanisa, tutajibu. Lakini anapofika kanisani, mara nyingi swali la kwanza si hali ya nyumba yake, bali habari za ndoa yake. Nani alimwacha nani? Kosa lilikuwa la nani? Hilo ni furushi. Iwapo kuna jambo la kuzungumzwa, Mathayo 18:15 inaonyesha pa kuanzia: faraghani. Sisi tunalifungua furushi lake barazani, na mzigo wake tunauacha palepale ukutani. Tumeyageuza mafungu ya Paulo: tunabeba tusichoagizwa, na tunaacha tulichoagizwa.

Soma Walawi 14:33–48. Mwenye nyumba akiona dalili ya pigo ukutani, alikwenda kumwambia kuhani, na kuhani alikwenda mwenyewe kuitazama. Angalia fungu la 36: kabla hajaingia, vyombo vilitolewa nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Sheria ililinda mali ya mwenye nyumba kabla ya kuukagua ukuta wake. Kisha mawe mabovu yaling'olewa, kuta zikakwanguliwa, mawe mengine yakatiwa, nyumba ikapakwa upya. Mungu hakuona ukuta wenye madoa kuwa jambo lililo chini ya hadhi ya kuhani wake.

Wengine watauliza: tukimsaidia aliyeachika, hatutaifanya talaka ionekane jambo jepesi? Maneno ya Yesu katika Mathayo 19:3–9 hayapungui nguvu kwa sababu paa limezibwa. Mvua haiwaulizi watoto nani alivunja ndoa. Tena, asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Tim. 5:8), na talaka haimfanyi baba kuwa si baba. Kama baba huyo anaketi nasi katika darasa la Shule ya Sabato, wazee wa kanisa wana neno la kumwambia. Kumwonea haya yeye ni kumtwika mama mizigo miwili.

Msaada nao una adabu yake. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, anayeingia nyumba ya mtu huonekana na wote. Basi kwanza aulizwe yeye anachohitaji. Waende watu kadhaa, mchana, mashemasi wa kike wakiwamo. Wamwache aamue juu ya nyumba yake, kwa maana kuamua ni sehemu ya furushi lake. Na fedha alizopewa zisitangazwe mbele ya kusanyiko.

Kumbukumbu la Torati 5:14 inataka mtumwa na mjakazi nao wapumzike kama bwana wao. Mama ambaye jua la Ijumaa linazama akiwa bado anakinga maji kwa ndoo, ameipokea Sabato bila pumziko lake. Pumziko hilo linategemea kwa sehemu kile ambacho ndugu zake watafanya Jumapili, wakiwa na ngazi, mwiko na chokaa.

Maswali ya Kujadili:

1. Taja jambo moja katika maisha ya mzazi anayelea peke yake ambalo ni furushi, na moja ambalo ni mzigo. Umetofautishaje?

2. Kwa nini ni rahisi kuzungumzia talaka ya mtu kuliko kuzungumzia paa lake?

3. Ni nyumba ya nani katika kanisa lenu inayohitaji kutazamwa kabla ya masika yajayo? Nani atakwenda, na lini?