NURU NDIYO CHAKULA, NZI NI MBOLEA

Bismillahi Rahmani Rahim. Twamhimidi Mwenyezi Mungu, na twamsalia Mtume wake na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, Qur'ani yatutaka mara nyingi tuviangalie viumbe kwa mazingatio, si kwa mshangao mtupu. Leo twawaletea habari ya mimea ilayo wadudu, kwani ndani yake mna funzo kwa mji wetu.

Kwanza tuondoe khurafa. Mwaka 1874 gazeti moja la New York lilieneza hadithi ya mti wa Bukini ulao watu. Ilikuwa ya kubuni, na wengi wakaisadiki kwa kuwa hawakutaka ushahidi. Mmea wa kweli ulioko Bukini, na ndugu yake wa Shelisheli, una majani yaliyoumbwa kama magudulia yenye maji; mdudu huteleza akazama. Haumli mtu, wala hauna jini.

Mwengine mashuhuri huota katika Carolina ya Kaskazini na ya Kusini, huko Marekani. Jani lake lina pande mbili kama kombe lililofunuka, na ndani mna vinywele. Mdudu akivigusa mara mbili katika muda wa kama sekunde 20, jani hufumba ghafula. Mguso mmoja hautoshi, huenda ni tone la mvua. Kisha jani hutoa maji ya kumyeyusha, na baada ya siku kadhaa hufunguka tena.

Wengi hudhani mmea huu waishi kwa nzi. Sivyo. Kama minazi na mihogo yetu, nao waishi kwa nuru. Majani yake mabichi hupokea mwangaza wa jua, na kwa maji na hewa yakafanya sukari, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini ardhi yake ni chepechepe isiyo na rutuba. Basi nzi huupa kile ambacho ardhi imekinyimwa. Nzi kwake ni mbolea. Na mtego wenyewe hujengwa kwa nguvu za jua: ukiuweka mmea kivulini ukaulisha nzi, hudhoofika na mitego yake ikawa hafifu, ukiuweka juani bila nzi, waweza kuishi, ijapokuwa hukua polepole. Joto nalo huharakisha kufumba na kuyeyusha, na baridi huchelewesha. Msimu wa baridi majani mengi hufa, lakini shina lililo chini ya ardhi hubaki hai, likingoja joto lirudi.

Basi zingatieni, enyi wenye akili. Mali kwetu ni kama yule nzi, na elimu ni kama lile jua. Twamwona mzazi amtoa mwanawe chuoni kabla hajahitimu, amsimamisha dukani. Na binti yake humzuilia elimu kabisa. Akiulizwa, husema: "Maisha ni riziki." Hatusemi riziki ni mbaya, kutafuta halali ni ibada, na mmea haukumkataa nzi. Lakini aliyelelewa kivulini, mali atakayorithi ataishika kwa mtego gani? Hajui kuhesabu zaka yake, hajui alichotia sahihi, na muuza hirizi akimjia humpa fedha na shukrani juu yake.

Wala asidhani mtu kwamba twasema elimu ya dini peke yake. Aujuaye mmea huu jinsi ulavyo nuru, amesoma aya katika aya za Mola wake. Kuiogopa skuli kwa jina la dini ni kuziba dirisha kisha kulalamikia giza.

Warudisheni watoto vyuoni na skulini, waume kwa wake. Na mtu mzima aliyepitwa asikate tamaa, kwani shina li hai. Na aje darasani baada ya Magharibi, aketi na wenziwe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atukinge na ujinga na wanaoufanyia biashara. Amin. Wabillahi tawfiq.