Nani Amhukumu Mpishi? Maadili ya Kutathmini Tajriba ya Mwanafunzi wa Shahada ya Kwanza

Muhula unapokaribia kwisha, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vingi vya Kenya hupewa hojaji. Huulizwa iwapo mhadhiri alifika kwa wakati, iwapo muhtasari wa kozi ulitolewa mapema, na iwapo vitabu vilipatikana maktabani. Naye hujibu kwa kuchagua tarakimu, aghalabu kati ya 1 na 5. Tarakimu hizo zikishajumlishwa, matokeo yake huitwa tathmini ya tajriba ya mwanafunzi. Makala haya hayakusudii kuikosoa hojaji kwa misingi ya kitakwimu. Swali lake ni la kimaadili: mtu anapoulizwa juu ya maisha aliyoyapitia, anayeuliza hujitwika wajibu gani?

Wahenga wametuachia kauli mbili zinazolihusu suala hili. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake; na aisifuye mvua imemnyea. Methali zote mbili huifanya tajriba kuwa chimbuko la mamlaka ya kusema. Hata hivyo, mamlaka hayo yana mpaka. Aliyelala kitandani ndiye ajuaye kunguni, lakini methali haidai kwamba yeye pia ndiye ajuaye jinsi kitanda kinavyoundwa. Mjadala huu ni wa kale. Katika Gorgias, Plato anaeleza kwamba tabibu akishtakiwa na mpishi mbele ya baraza la watoto hana budi kushindwa, kwa kuwa watoto hupenda kitamu kuliko dawa. Aristotle, katika kitabu chake cha Siasa, anashika upande wa pili: mwenye kuijua nyumba zaidi ni anayekaa ndani yake, na mwenye kuiamua karamu ni mlaji wala si mpishi.

Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, kwa sababu kila mmoja anazungumzia kauli ya aina tofauti. Mwanafunzi anaposema kwamba nakala moja ya kitabu teule ilitumiwa na darasa zima, anatoa ushahidi. Anaposema kwamba ushairi wa arudhi hauna maana kwake, anatoa hukumu. Hukumu hiyo huenda ikabadilika miaka kumi baadaye, atakapokuwa yeye mwenyewe anafundisha. Ushahidi haubadiliki, kitabu kilikuwa kimoja, na kitabaki kuwa kimoja. Kasoro kuu ya hojaji ni kwamba inazipa kauli zote mbili tarakimu ileile, kisha inazijumlisha.

Wahakiki wa fasihi wameizoea tofauti hii. Katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996), Kongowea anasimulia kwa nafsi ya kwanza safari inayomtoa Tanga na kumfikisha Kitale akimtafuta baba yake. Msomaji hana sababu ya kumbishia juu ya machungu aliyoyaonja. Lakini maoni yake kuhusu watu wengine msomaji huyapima kwa kuyalinganisha na matukio ya riwaya. Mhakiki anayeyapokea yote bila kupima hajasoma. Na anayeyatupa yote kwa kuwa ni ya mhusika mmoja hajasoma vilevile.

Kitale hiyohiyo yafaa kwa mfano wa pili, ulio nje ya riwaya. Na achukuliwe mwanafunzi yeyote ambaye kwao ni Tuwan, mtaa wa mji huo wenye msongamano wa watu, na ambaye anasoma katika Chuo Kikuu cha Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, kilichopata hati yake mwaka 2015. Safari ya kwenda huko kupitia Kiminini na Webuye si ndefu sana. Kilicho kirefu ni kusubiri. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na mahindi yake huvunwa mara moja kwa mwaka, takriban kuanzia Oktoba. Mwaka wa masomo unapofunguliwa mnamo Septemba, mahindi yangali shambani. Hata familia isiyo na shamba, inayoishi kwa vibarua, uchuuzi au bodaboda, hutegemea fedha ambazo wakulima bado hawajazishika. Kwa hiyo mwanafunzi huyu huanza muhula akidaiwa ada, akidaiwa kodi ya chumba, na akihesabu milo. Mwishoni huulizwa kama mihadhara ilieleweka, naye huandika 2. Tarakimu hiyo imepima nini: ufasaha wa mhadhiri, au tumbo la msikilizaji?

Hali hii ina historia yake. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya Kenya vilipokea kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4, na idadi ya wanafunzi ikapanda ghafla. Mwaka uliofuata sera ya kuchangia gharama ikaanza kutekelezwa vyuoni, na mambo yaliyokuwa ya chuo, chakula kikiwa mojawapo, yakawa ya mwanafunzi binafsi. Tangu hapo sehemu kubwa ya tajriba yake imehamia nje ya ukumbi wa mihadhara, ilhali hojaji imebaki ndani.

Si kwamba dola haijawahi kuuliza habari za nje ya ukumbi. Mfumo wa ufadhili uliotangazwa mwaka 2023 ulimtaka mwanafunzi aeleze hali ya kwao nyumbani ili apangiwe mojawapo ya bendi tano za uhitaji. Malalamiko yalikuwa mengi, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo huo unakiuka Katiba. Shauri likasonga mbele hadi Mahakama ya Rufani. Kwa upande wa maadili, jambo la kuzingatia ni hili: kijana aliulizwa undani wa umaskini wa wazazi wake, mambo ambayo mtu humwambia ndugu kwa kunong'ona, kisha akajibiwa kwa namba ya bendi. Aliyelalamikia bendi yake hakuwa akiomba fedha tu. Alikuwa akiuliza kama maneno yake yalisomwa na mtu.

Tukio moja la historia ya Afrika Mashariki linasaidia kuonyesha maana ya kujibu. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa, wakiwanyooshea vidole viongozi waliokuwa wakilipwa mishahara minono. Rais Nyerere aliwafukuza wanafunzi karibu 400. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ile ilikuwa kali, na makala haya hayaitetei. Lakini muundo wa jibu unastahili kuchunguzwa. Hukumu ya wanafunzi, kwamba hawapaswi kutumikia, ilikataliwa waziwazi. Ushahidi wao, kwamba pengo la mishahara lilikuwapo, ulikubaliwa, na ukamgharimu aliyeukubali.

Wapo wahadhiri wanaohofu kwamba kumjibu mwanafunzi ni kumkabidhi rungu: anayesahihisha kwa ukali atapewa 1, na anayegawa muhtasari wa kukariri atapewa 5. Hofu hiyo ndiyo ya tabibu wa Plato, na haipaswi kubezwa, hasa kwa mhadhiri wa muda asiye na ofisi wala uhakika wa mkataba. Walakini dawa yake si kumnyamazisha mlaji. Ushahidi na hukumu vikitenganishwa, tabibu naye hulindwa, kwa kuwa uchungu wa dawa hautahesabiwa tena pamoja na uchafu wa kikombe.

Kuuliza, basi, ni aina ya ahadi. Anayemtaka mwenzake afunue tajriba yake, kisha akaitia kabatini ingoje wakaguzi, amemtumia kama chombo cha kujipatia sifa. Kabla ya darasa jipya kugawiwa hojaji, wanafunzi wanastahili kusomewa waliyoyasema wenzao waliotangulia: lipi litarekebishwa, lipi haliwezekani na kwa sababu gani, na ni nani mwenye mamlaka aliyeamua hivyo. Na yawepo maswali machache ya kujibiwa kwa maneno, ambamo mwanafunzi wa Tuwan anaweza kuandika kwamba mhadhara ulikuwa mzuri na yeye alikuwa na njaa. Idara isiyoweza kutimiza hata hayo ingetenda uadilifu zaidi kwa kutouliza kabisa.